Chuo cha Karibu na Chuo cha Mbali

Siku yangu ya kwanza kazini, Prefe wa Sandoa alinipa rula ya mbao yenye umbo la T, ufunguo wa kabati, na karatasi yenye majina tisa. Prefe kwetu Kongo ni mkuu wa shule ya sekondari. Huyu alikuwa padri mwenye mvi na sauti ndogo, na viatu vyake havikuwahi kukosa vumbi. Nilikuwa nimeajiriwa kufundisha mchoro wa ufundi, yaani kuchora kipande cha mashine kwa vipimo kamili hata fundi asiyekufahamu aweze kukitengeneza. Rula nilijua ni ya nini, na ufunguo pia. Majina yale ndiyo yaliyonitia wasiwasi.

"Aba ni bafinaliste," Padri akasema, maana yake wanafunzi wa mwaka wa mwisho. "Bakipita mutihani wa Serikali, utabaonyesha fasi ya kuenda kusoma."

"Mi, Padri? Mi mwenyewe nimetoka ku masomo juzi."

"Njo maana. Ungali unakumbuka njia."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ambayo haikuandikwa kwenye mkataba wangu na ambayo niliifanya kwa miaka thelathini na minne, Sandoa, kisha Musonoi, kisha Manika, hizi mbili mjini Kolwezi: kumsaidia mtoto anayetaka kuwa inginia achague chuo. Kuchora nilikupenda. Kuchagua kulininyima raha. Mstari ukikosea kwenye karatasi unaufuta. Mtoto ukimpeleka pasipo pake, anarudi na umri umepita.

Kule Sandoa nilianza vibaya. Kijana mmoja alitaka kwenda mji wa Lubumbashi kujifunza ujenzi wa barabara na madaraja, nami nikakimbilia kuuliza alama zake za hesabu. Padri alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

"Toka hapa mupaka Lubumbashi, mvua ikinyesha, ni siku ngapi mu njia?" akaniuliza.

Sikujua.

"Na kule atalala kwa nani?"

Sikujua vilevile.

"Basi kazi bado haujaianza, Mwalimu."

Tangu siku hiyo niligawa daftari langu kwa mistari ya wima, na safu ya kwanza nikaiita Mahali. Niliandika umbali, ndugu aliyeko kule, kama kuna maji karibu, kama msichana anaweza kurudi salama kutoka maktaba. Wenzangu walinicheka. Walisema ninaandika kama ninaozesha.

Baada ya miaka sita nilihamishiwa Musonoi. Pale shule ilikuwa jirani na mashimo ya madini. Mlipuko wa baruti ulipotikisa madirisha tulisubiri kidogo, tukaendelea na somo. Mkubwa wangu alikuwa Mkurugenzi wa Masomo, mtu aliyewahi kuwa msimamizi wa zamu mgodini kabla ya kushika chaki. Hakuamini neno lolote lililochapwa na chuo.

"Uliza bale balimaliza mwaka jana beko wapi," alikuwa akisema. "Kama chuo hakijui, basi batoto bake beko pa nyumba."

Safu ya pili ikawa Nafasi. Humo niliandika kama chuo kina karakana yenye mashine zinazowaka, kama kinatafutia wanafunzi staji, yaani miezi ya kujifunzia kazi ndani ya kampuni. Lakini Musonoi ilikuwa na chuo kingine kisicho na mlango. Watoto wangu wa mwaka wa tano wa sekondari waliacha rula wakashika nyundo na mfuko, wakaenda kuchimba kobalti pamoja na vijana waliotoka pande zote za nchi. Nilimfuata mmoja mpaka ukingoni mwa shimo, kichwa chake cheupe kwa vumbi. Nilimwambia ana akili ya uinginia.

"Madamu," akanijibu kwa adabu, "inginia anakula nyuma ya miaka tano. Mi nakula leo."

Nilirudi shuleni, viatu vyangu vya darasani vimejaa vumbi. Jioni ile na nyingine nyingi nilijiuliza kama kazi yangu ilikuwa na maana yoyote. Sikupata usingizi mzuri Musonoi.

Manika nilifika nikiwa na miaka arobaini. Shule ilikuwa kubwa, na Prefe alikuwa mwanamke, tukimwita Mama Prefe, mkali wa saa na wa maneno. Yeye ndiye aliyenifundisha safu ya tatu, Gharama. Alisema ada iliyoandikwa ni mlango tu. Nyuma yake kuna chumba cha kupanga, mkaa, nauli, madaftari ya maprofesa ambayo lazima uyanunue, na miaka inayoongezeka walimu wakigoma. "Muzazi anahesabu miaka tano," aliniambia, "na mutoto anamaliza nane. Ile tatu nani ataibeba?"

Wakati huo vyuo vilianza kuota Kolwezi kama uyoga. Kila kampuni ya madini iliyokuja ilitaka mafundi, na kila mtu aliyekuwa na jengo alipaka rangi na kuandika neno "polytechnique", yaani chuo cha ufundi, juu ya mlango. Wazazi walikuja ofisini kwangu na karatasi zenye picha nzuri. Nami nilikuwa na safu zangu tatu, nikajiona nimekomaa.

Basi akaja binti aitwaye Mujinga.

Alikuwa binti wa Tata Ilunga, yaani Baba Ilunga, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye macho yake yalikuwa yakifa polepole kwa ule mwanga wa kazi. Mkewe aliuza unga sokoni Manika. Mujinga alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano, mwembamba, mkimya, na mchoro wake ulikuwa safi kuliko wangu. Alipopita mtihani wa Serikali kwa alama za juu, alisema anataka kusomea umeme wa mashine. Walikuja wote wawili, baba na binti, wakaketi kwenye benchi mbele ya meza yangu.

Mbele yetu kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni chuo kipya cha binafsi hapa hapa Kolwezi, mwendo mfupi kwa taksi-moto, yaani pikipiki ya abiria. Kiliahidi karakana mpya, miaka michache, na staji katika migodi. Ya pili ni kitivo cha serikali kule Lubumbashi, cha zamani, kinachojulikana, lakini wanafunzi ni wengi, migomo haiishi, na nyumba ya kupanga ni mzigo.

"Madamu," Tata Ilunga akasema, "akikaa hapa, atakula kwetu, atalala kwetu. Akienda Lubumbashi, mi nitauzisha nini tena? Machini ya kuchomelea nilishauzisha."

Nikamgeukia binti. "Na wewe, Mujinga?"

"Mi nataka Lubumbashi," akasema akitazama mikono yake. "Kule ukimaliza, hakuna mutu anakuuliza umesoma wapi."

Niliwaomba siku tatu. Nilikwenda kwenye kile chuo. Katibu wake, bwana mwenye suti ya kijivu, alinipokea vizuri mno. Nilimwomba anionyeshe karakana; akasema mwenye ufunguo ametoka. Nilingoja mpaka mchana. Nilikuwa na somo, na Mama Prefe hakujua msamaha wa dakika tano. Kabla sijaondoka niliuliza kuhusu kibali, ile ruhusa ya wizara inayofanya diploma ikubalike nchini. Akafungua faili, akanipa nakala ya barua. Chini yake kulikuwa na muhuri wa wizara, mkubwa, wa bluu, na sahihi juu yake.

Nataka mnielewe. Siku zote hizo niliogopa kwa ajili ya mtoto yule. Nilipouona muhuri, hofu iliniondoka kama mtu anayetua ndoo kichwani. Nilikunja barua, nikaenda kufundisha. Jioni nikamwambia Tata Ilunga: hapa Kolwezi panatosha. Alinishika mikono yote miwili. Mujinga hakubisha. Alisema tu, "Sawa, Madamu."

Alisoma miaka miwili. Nilipokutana naye sokoni nilimuuliza habari, naye alijibu ni nzuri. Sikuuliza zaidi.

Siku moja ya Jumanne nilikuwa nikisahihisha michoro, nikamwona amesimama mlangoni na bahasha ya plastiki. Hakuingia mpaka nilipomwita. Alikuwa ameomba staji katika kampuni moja, na ofisi ya wafanyakazi ilimrudishia karatasi zake. Waliandika kwamba chuo chake hakimo katika orodha ya vyuo vilivyokubaliwa.

"Ni makosa yao," nikasema haraka. "Mi niliona kibali na macho yangu."

Nikafungua kabati, nikatoa ile nakala. Tuliisoma pamoja, kidole changu kikifuata mistari. Haikuwa kibali. Wizara ilisema imepokea ombi la chuo la kutaka kibali, na italichunguza. Muhuri ulikuwa wa kupokea barua, basi. Mimi niliyewafundisha watoto kila mwaka kwamba kabla ya kutazama mchoro usome kwanza kile kisanduku cha pembeni kinachosema ni mchoro wa nini, mimi sikusoma mistari mitatu.

Mujinga hakulia. Aliuliza, "Na karakana, Madamu, ulipata kuiona?"

"Ufunguo haukuwepo."

"Hauko mupaka leo," akasema. "Kuna machini moja, inafunikwa na bâche ya turubai."

Tulikwenda pamoja ofisi ya elimu ya mkoa. Karani alipitisha kalamu kwenye orodha yake, juu hadi chini, kisha akarudia kwa huruma. Jina halikuwepo. "Labda mwaka ujao, Mama," akasema. "Labda."

Kutoka pale hadi kwa Tata Ilunga ni mwendo wa dakika ishirini. Kwangu ulikuwa mrefu kuliko njia ya Sandoa. Alikuwa ameketi mlangoni, uso ameuelekeza kwenye sauti zetu, maana sasa aliona vivuli tu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Mkewe alitoka na mikono yenye unga, akasimama nyuma yake.

"Madamu," Tata Ilunga akauliza, "kile chuo, ulienda kukiona na macho yako yote mbili?"

"Niliona ofisi, tata. Karakana sikuiona."

Nilitamani anifokee.

"Mi njo siwezi kuona," akasema mwishowe. "Nilikutuma wewe."

Hakuna mkubwa wangu yeyote, kwa miaka yote, aliyenipiga kwa neno kama lile.

Ilibaki kuchagua upya. Mujinga angeweza kubaki na kungojea kibali, au kwenda Lubumbashi kuanza mwaka wa kwanza, kana kwamba ile miaka miwili haikuwepo. Kujiandikisha kule kulikuwa kunafungwa Ijumaa. Niliwaeleza uzito wa kila upande. Mujinga akasema anakwenda. Baba yake akanigeukia.

"Mara hii usituambie tu. Enda naye."

Mama Prefe alinipa ruhusa mpaka Ijumaa, shingo upande. Tulipanda basi Alhamisi asubuhi. Kabla ya mji wa Likasi lori la shaba lilikuwa limelala katikati ya barabara, na foleni ya malori ilijipanga mpaka macho yakachoka. Tulikaa pale kwa muda wa saa saba. Abiria wengine walishuka kununua mihogo, wengine walicheka. Mujinga alikumbatia bahasha yake kifuani. Mimi nilitazama saa, nikashuka, nikatembea hadi kwenye lile lori, nikarudi, kana kwamba macho yangu yangeliinua. Tulilala kwa mdogo wangu Lubumbashi, na Ijumaa alfajiri tukawa tumeshafika chuoni. Hata hivyo kulikuwa na watu wengi mbele yetu, na dirisha la kuandikisha lilikuwa moja.

Zamu yetu ilifika saa sita kasoro. Mwandikishaji alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma diploma ya sekondari ya Mujinga, akainua uso.

"Ulimaliza sekondari miaka mbili imepita. Ulikuwa wapi?"

Mujinga aliitazama bahasha yake. Nyuma yetu watu walianza kunung'unika. Nikasogea dirishani.

"Alikuwa mu kosa yangu, tata," nikasema.

Mzee alinitazama kwa makini. Sijui aliona nini. Hakuuliza tena. Alivuta rejista, akaandika jina, akasema mtihani wa kuingilia ni Jumatatu saa mbili.

Jumatatu nilipaswa kuwa darasani Manika. Nilibaki. Niliketi kwenye ukuta mfupi nje ya ukumbi tangu mtihani ulipoanza mpaka ulipokwisha, nikila kucha. Kwa ajili ya siku ile Mama Prefe aliniandikia barua ya onyo, ya pekee katika maisha yangu ya kazi. Alifanya sawa. Niliitia sahihi.

Majibu yalibandikwa siku chache baadaye, mimi nikiwa nimerudi. Mujinga alinipigia simu.

"Madamu, jina yangu haiko."

Nilikuwa mbele ya wanafunzi arobaini. Niligeukia ubao ili wasinione uso. Sikumbuki nilichofundisha siku ile wala iliyofuata. Jumamosi simu ililia tena. Walikuwa wamebandika orodha ya pili, ya wale wanaochukua nafasi za wasiotokea, na yeye alikuwa wa pili kutoka mwisho.

Ningependa kuishia hapo, mseme Madamu alikosa kisha akatengeneza. Lakini kuna Kasongo. Kasongo alisoma na Mujinga katika chuo kile cha Kolwezi, kwenye benchi moja. Yeye alibaki. Miaka miwili baada ya sisi kuondoka, kibali kilitoka kweli, karakana ikafunguliwa, na wanafunzi wa zamani wakasahihishiwa karatasi zao. Kasongo aliajiriwa mgodini wakati Mujinga alikuwa bado Lubumbashi anangojea mgomo uishe. Nilimkuta Manika akiwa na fulana yake ya kazi yenye mistari inayong'aa.

"Mi nilingoja tu, Madamu," aliniambia bila ubaya.

Nilirudi nyumbani nimevurugika. Je, nilimtoa Mujinga kwenye kosa la kwanza nikamtia kwenye la pili? Sikulala vizuri kwa miezi, na sikuthubutu kumwambia mama yake, aliyekuwa akituma unga Lubumbashi kila mwezi kwa dereva wa basi.

Mujinga alimaliza akiwa amechelewa kuliko wenzake wote wa mtaa. Alikaa nyumbani karibu mwaka mmoja bila kazi. Kisha kampuni moja ikamchukua katika idara ya pampu, zile zinazonyonya maji chini ya shimo ili wachimbaji wasizame. Siku alipopewa kofia yake ngumu ya kazi, aliileta nyumbani, nami nilikuwepo. Tata Ilunga alikuwa haoni kabisa. Aliishika kofia, akaipapasa pande zote, akapita kidole kwenye jina lililobandikwa mbele. Akauliza limeandikwa nini. Mkewe akamsomea. Akaomba asomewe tena.

Mimi nimestaafu. Siku ya kuniaga, Prefe mpya, kijana mwenye kompyuta, aliomba nimwandikie mwalimu atakayenifuata maelezo ya kazi. Nilijaza kurasa mbili, nikazisoma, nikaona zinafanana na zile karatasi za vyuo zenye picha nzuri, nikazichana. Nilimwachia daftari zangu zenye safu tatu, na nikamwambia kwa mdomo kwamba safu hazitoshi. Gharama hubadilika, nafasi huhama na bei ya kobalti, na hata mahali si pale pale: barabara iliyonishinda ujana wangu leo watu huipita usingizini. Yule anayekuja kukuuliza ana miaka kumi na minane, na miaka hiyo hairudi.

Bado wanakuja, nyumbani sasa. Wiki hii amekuja Kaj, binti wa jirani yangu, ana barua mbili za vyuo, moja ya hapa na moja ya Likasi, na mwisho wa kujibu ni Jumatatu. Nilimwambia aniachie. Nilizisoma zote neno kwa neno, hadi maandishi madogo ya chini, kisha nikazirudia. Nikampigia Mujinga.

"Mi nimezeeka kwa hii mambo," nikamwambia. "Naogopa. Nimutume kwa mwalimu mwingine?"

Nilisikia pampu zikinguruma nyuma yake. Aliondoka kwenye kelele kabla hajajibu.

"Apana, Madamu. Wewe uogope tu. Siku ile uliacha kuogopa, njo tulipotea."

Nikamwita Kaj. Nikamwambia kesho avae viatu vya kutembea, saa moja tunaondoka kuziona karakana, na mwenye ufunguo tutamngoja hata kama ni mpaka jioni.